Hesabu za Kikoba na Word ya 2007

Kazi yangu ni uhasibu, lakini kwa ukoo mzima mimi ndiye mtu wa kompyuta. Nikienda msibani, nikienda harusini, nikienda kumjulia hali mgonjwa, lazima atokee mtu na laptopu kwapani: "Dada, hebu niangalizie, inasumbua." Kwa hiyo nimefungua kompyuta nyingi za majumbani, Dar, Tanga na Morogoro, na nyingi kati yake nimekuta kitu kilekile: Microsoft Office (Word, Excel na wenzake) ya 2007 au 2010, imewekwa siku laptopu iliponunuliwa, na tangu siku hiyo haijaguswa. Mwenye nayo anaipenda. Inafunguka haraka, anajua kila kitufe kilipo, barua zinatoka. Ukimwambia ina hatari anakushangaa, kwa sababu hatari anayoijua yeye ni kompyuta kuharibika, na hii haijaharibika.

Madhara yake nimeyaona kwa watu wangu wa karibu, na kuyaeleza nusunusu kwa simu hakutoshi. Ndiyo maana nayaandika.

Kwanza niseme tumefikaje hapa, maana wengi wanadhani ni uzembe, na si uzembe. Laptopu nyingi zinazoingia majumbani mwetu ni za mtumba. Zimetumika maofisini Ulaya au zimepitia Dubai, zinauzwa Kariakoo, na unakabidhiwa baada ya fundi "kupiga window". Fundi ana fleshi yake yenye kila kitu: Windows, Office, programu ya muziki, antivairasi iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli la leseni. Office anayoiweka ni ile asiyosumbuka nayo, inayokubali funguo ileile kwa kila mteja. Halafu anamalizia na jambo ambalo mara nyingi mteja mwenyewe ameliomba: anazima masasisho, yasije yakala bando. Mtu anayeingia intaneti kwa bando la simu hawezi kuiacha Windows ishushe magigabaiti usiku kucha halafu asubuhi akose hata la kutumia WhatsApp. Ukimlaumu kwa hilo unamwonea. Lakini athari inabaki palepale: kompyuta iliyozaliwa ya zamani inafungiwa pia njia ya kukua.

Tarehe zenyewe zinajulikana. Microsoft waliacha kutengeneza masasisho ya usalama ya Office 2007 tarehe 10 Oktoba 2017. Office 2010 ikafuata 13 Oktoba 2020, Office 2013 ikafuata 11 Aprili 2023, na 14 Oktoba 2025 zikafikia mwisho kwa pamoja Office 2016 na Office 2019, siku ileile na Windows 10. Siku hizo zikipita hakuna unachokiona kwenye skrini. Word inafunguka kama jana, inachapa kama jana. Kinachokoma ni ukarabati wa ndani, na mtumiaji wa kawaida hana namna ya kuuona ukarabati huo ukikoma.

Shangazi yangu yuko Tanga. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na ni katibu wa kikoba cha akina mama wa mtaa wake. Daftari la kikoba lipo, lakini hesabu zenyewe zipo kwenye Excel: majina, namba ya simu, namba ya NIDA, hisa, mkopo, marejesho, faini za kuchelewa kikao. Kila mwisho wa mwezi alikuwa anamtumia mweka hazina faili zima kwa barua pepe. Laptopu ilikuwa ya mtumba, Windows 7, Office 2007, imepigwa na fundi mzuri tu ambaye hakuwa na nia mbaya na mtu.

Wanachama wakaanza kupokea ujumbe. Kila Mtanzania anaujua ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na siku hizi watu wanaufuta kabla ya kuumaliza. Huu ulikuwa tofauti. Ulimtaja mama kwa majina yake matatu, ukataja mkopo wake uliobaki bila kukosea hata shilingi, ukasema laini ya mweka hazina imepata hitilafu, kwa hiyo marejesho ya mwezi huo yaende kwenye namba nyingine. Mama mmoja anayeuza vitumbua alfajiri alituma shilingi 180,000. Ndiyo marejesho aliyokuwa ameyakusanya, na ujumbe ulikuwa unajua kiasi chake.

Kikoba kikachafuka. Nani anajua mikopo yetu kama si katibu? Hakuna aliyelisema mbele yake, lakini minong'ono ilimfikia, na Shangazi akaanza kutoa udhuru wa kutokwenda kikaoni. Huyu ni mwanamke aliyewafundisha kusoma watoto wa nusu ya mtaa ule. Nilipofika nikampa shikamoo, akaitika marahaba ya mtu anayeumwa, na kabla sijakaa akanisogezea laptopu. "Mwanangu, itazame hii. Mimi sijampa mtu hesabu za watu."

Sikuiwasha kwa Windows yake. Nilikuwa na fleshi ya uokoaji, ile inayowasha kompyuta kwa mfumo wake yenyewe na kukagua diski huku Windows ikiwa imelala, ili kirusi kisipate nafasi ya kujificha. Ukaguzi ulikula mchana mzima. Jioni orodha ikatoka. Kwenye folda ya vilivyoshushwa kulikuwa na faili la Word lenye jina la fomu ya uhakiki wa wastaafu, na pembeni yake ukaguzi uliandika namba ya tundu lililotumika, yaani kasoro ya programu inayompa mvamizi njia ya kuingia: CVE-2017-11882. Ndani zaidi, kwenye folda iliyofichwa, kulikuwa na programu yenye jina lisilo na maana yoyote, iliyopangiwa kuanza kila kompyuta inapowaka. Ilikuwa ni mwizi wa nywila. Programu za aina hiyo zinasoma nywila zote ulizokubali kivinjari kikuhifadhie, zinarekodi unachoandika kwenye kibodi, na kumpelekea mwenyewe kimyakimya.

Basi mengine yakajieleza. Nywila ya barua pepe ya Shangazi ilichukuliwa. Aliyeichukua akaingia, akafungua barua zilizotumwa, akakuta jedwali la kikoba la kila mwezi limepangwa vizuri kwa mkono wa mwalimu.

Nikamuuliza kuhusu ile fomu. Alikuwa anaikumbuka, maana uhakiki wa wastaafu ni jambo linalomhusu kweli na ukiukosa unaweza kusimamishiwa pensheni.

"Ilileta ukurasa mweupe. Nikasema labda haikushuka yote, mtandao ulikuwa mbaya siku ile. Nikaifunga."

"Ilikuuliza chochote? Ikakwambia uruhusu kitu, ubofye mahali?"

"Hapana. Ukurasa mweupe tu, mwanangu."

Alikuwa anasema kweli, na hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo, kwa sababu wengi wetu tunaamini kwamba kompyuta haiwezi kuingiliwa mpaka mwenyewe ukosee, ubofye kitu cha kijinga, uruhusu kilichokatazwa. Shangazi hakuruhusu kitu. Alifungua barua.

Ndani ya Office za zamani kulikuwa na programu ndogo ya kuandikia milinganyo ya hesabu, Equation Editor, ambayo faili lake linaitwa EQNEDT32.EXE. Ilitengenezwa na kampuni ya Design Science, na nakala iliyokuwa ikisambazwa pamoja na Office iliundwa Novemba 2000. Ilikaa humo miaka 17. Iliandikwa kabla ya kinga ambazo leo ni za kawaida kabisa, kwa mfano ile ya Windows kuchanganya mahali programu inapokaa kwenye kumbukumbu ili mvamizi asijue alenge wapi. Mwaka 2017 watafiti wa kampuni ya Embedi wakaeleza kwamba ukiipa programu ile mlinganyo wenye jina la fonti lililo refu kupita nafasi iliyotengwa, jina linafurika na kuandika juu ya sehemu ya kumbukumbu inayoamua kompyuta itekeleze nini baada ya hapo. Mvamizi akizipanga herufi zake vizuri, kinachotekelezwa ni amri yake. Haihitaji makro (vijiprogramu vinavyowekwa ndani ya hati) wala ruhusa. Mlinganyo unafichwa ndani ya hati, na hati ikifunguliwa kazi imekwisha. Mtu ambaye hajawahi kuandika mlinganyo hata mmoja maishani mwake, kama shangazi yangu aliyefundisha Kiswahili, alikuwa na tundu lile kwenye kompyuta yake sawa na profesa wa hisabati.

Kinachoniuma ni kwamba kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu lile, kilitoka Novemba 2017, na kilitoka hata kwa Office 2007 iliyokuwa imefungwa mwezi uliotangulia. Januari 2018 Microsoft wakaamua kuiondoa kabisa programu ile. Kwenye laptopu ya Tanga hakuna kati ya hayo kilichofika, kwa sababu masasisho yalizimwa siku ya kwanza kwa ajili ya bando. Na wahalifu waliendelea kulitumia tundu lile miaka mingi baada ya kuzibwa. Kulitumia hakuwagharimu kitu, na waliokuwa wanalengwa ni watu wa aina hii hasa, wenye Office ambayo haijaguswa.

Kuna jambo jingine ambalo wenye Office za zamani hawaambiwi. Matoleo ya Office yanarithiana. Sehemu kubwa ya kilichomo ndani ya 2016 ilikuwemo ndani ya 2013 na 2010. Kiraka kinapotolewa kwa toleo jipya, wapo watu ambao kazi yao ni kulichukua faili la kabla ya kiraka na la baada yake, kuyalinganisha, na kuona ni mstari gani umebadilishwa. Mstari huo unawaonyesha tundu lilipokuwa. Baada ya hapo wanajaribu kama tundu hilohilo limo kwenye toleo ambalo halipati tena kiraka. Kwa hiyo kila mwezi ambao wenye programu mpya wanaongezewa ulinzi, mwenye programu ya zamani anazidi kuwa wazi, hata kama yeye hajabadilisha chochote. Programu yake haikai pale ilipokuwa siku msaada ulipokoma. Inarudi nyuma.

Na Office 2007 inakosa kitu kimoja ambacho ningekitaka kwenye kila nyumba. Kuanzia Office 2010, faili lililotoka kwenye intaneti au kwenye barua pepe linafunguliwa kwanza kwa hali ya kusoma tu, limetengwa na kompyuta yako, na juu yake kuna ule mstari wa njano. Watu wengi wanauona ni usumbufu na wanaubofya uondoke bila kuusoma. Kwa 2007 mstari huo haupo kabisa. Faili la rafiki na faili la mwizi yanafunguliwa kwa imani moja.

Makro nazo zina historia yake. Machi 1999 hati ya Word yenye kirusi kilichoitwa Melissa ilikuwa ikifunguliwa inajituma yenyewe kwa watu 50 wa kwanza kwenye orodha ya anwani za mwenye kompyuta, na ikalemea mitambo ya barua pepe ya makampuni makubwa. Pamoja na hayo ilichukua hadi 2022 ndipo Office mpya zikaanza kuzuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti bila kumpa mtumiaji kitufe cha kuruhusu papo hapo. Matoleo yaliyokwisha msaada kabla ya hapo hayakupata badiliko hilo. Yanaonyesha kitufe na kumwachia mtu aamue. Wahalifu wanajua nini cha kumwambia. Kundi la wahalifu la Emotet lilikuwa linatuma hati yenye picha ya maandishi tu: hati hii imetengenezwa kwa toleo jingine la programu, bofya hapa ili uisome. Fikiria maneno hayo yanamkuta nani. Mtu mwenye Office ya zamani amezoea kwa miaka kuambiwa kwamba faili alilotumiwa halilingani na toleo lake. Mistari inaruka, jedwali linavunjika, maandishi hayaonekani. Kwake onyo lile ni jambo la kila wiki, na anabofya kama alivyobofya wiki iliyopita. Ule uzee wa programu umemfundisha kuuamini uongo wa namna hiyo. Sioni vipi mtu wa kawaida angeepuka.

Shemeji yangu, ambaye tunapendana sana, alinisikiliza siku moja mpaka mwisho halafu akasema, "Mimi mbona sina siri yoyote humo? Waje wachukue." Nikamwomba aniwashie laptopu yake tuitazame pamoja. Kulikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilivyoskaniwa. Kulikuwa na CV za vijana wa mtaani aliowachapia, kila moja na namba za simu za wadhamini watatu. Kulikuwa na mkataba wa kiwanja wa kaka yake, orodha ya michango ya harusi yenye majina na ahadi za kila mtu, na nywila ya benki aliyoiandika kwenye Word ili asiisahau. Siri nyingi hazikuwa zake. Kompyuta ya nyumbani kwetu ni ofisi ya ndugu, ya msikiti au kanisa, ya kikoba na ya kamati ya shule, na waliomo ndani yake hawajui kama wamo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na watu huidhania ni sheria ya mabenki na makampuni ya simu. Uzito wake mimi niliuona sebuleni kwa Shangazi.

Kuhusu nywila za mafaili: jedwali la Excel la mfumo wa zamani, lile linaloishia na .xls, ukilifunga kwa nywila bado halijafungwa. Ufunguo wake wa kawaida ni mfupi, wa biti 40, na kompyuta ya leo inaweza kuupekua. Mfumo wa .xlsx ulioanza na Office 2007 unatumia AES, mbinu imara zaidi ya kufunga data, na huo ukiupa nywila ndefu ni kinga ya kweli. Hata hivyo akina mama wengi wa vikoba niliowasaidia bado wanahifadhi kwa .xls, "ili wote waweze kufungua".

Antivairasi inasaidia, lakini inasubiri. Mara nyingi inamtambua mwizi ambaye mwingine ameshamripoti. Na ile iliyokrakiwa mara nyingi haipati taarifa mpya, na wakati mwingine kilichoikraki ndicho kirusi chenyewe. Hilo silirefushi.

Laptopu ya Shangazi sikuisafisha, niliifuta. Kompyuta iliyokaa na mwizi wa nywila siamini usafi wake. Lakini kabla ya kufuta kuna mpangilio ambao naomba uzingatiwe, kwa sababu nimeona watu wakiugeuza. Nywila zinabadilishwa kwanza, na zinabadilishwa kwenye kifaa kingine. Tulitumia simu yangu. Ukizibadilisha kwenye kompyuta ileile yenye mwizi, unamwandikia nywila mpya mbele ya macho yake. Tukaanza na barua pepe, maana huko ndiko nywila za mengine yote zinakorejeshwa, tukawasha uthibitisho wa hatua mbili, tukaviondoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia ambavyo hatukuvitambua, tukakagua kama kuna kanuni iliyowekwa ya kupeleka nakala za barua kwa mtu mwingine. Kanuni hiyo ilikuwepo. Bila kuiona tungebadilisha nywila na mwizi angeendelea kupokea barua kama kawaida. Ndipo nikanakili hati na picha zake kutoka nje ya Windows, nikazikagua moja baada ya nyingine, nikafuta diski yote.

Kwa umri wa laptopu ile niliweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, na LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, inakuja nayo. Shangazi alilalamika siku za mwanzo, hasa kwamba vitufe vimehama. Jedwali lake lilifunguka na kanuni zake zote za kujumlisha na riba zilifanya kazi. Barua zake za zamani hazikuvurugika kurasa, kwa sababu badala ya fonti ya Calibri inawekwa nyingine, Carlito, iliyochongwa upana uleule herufi kwa herufi. Kilichokufa ni kitufe kimoja cha makro alichowekewa na mpwa wake cha kuchapa stakabadhi. Tulikibadilisha kwa ukurasa wa kawaida unaochukua jina na kiasi kutoka kwenye jedwali, na ukweli ni kwamba sasa unaeleweka zaidi.

Kwa mwenye Windows, LibreOffice ni faili la megabaiti mia tatu na kitu. Nalishusha mara moja nikiwa kwenye Wi-Fi ya uhakika, nalipakua kwenye tovuti yao wenyewe na si kwa mtu, nalibeba kwenye fleshi na kumwekea kila ndugu. Siwezi kuliandika jina la programu hii bila kukumbuka kwamba ukoo wake una tawi lililokulia hapa nyumbani: Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, bure. Inanisikitisha kwamba kizazi kizima kilipita kikikraki za wengine wakati hiyo ipo. LibreOffice ilijitenga na OpenOffice mwaka 2010. Na hapa nina onyo kwa wale wanaosema "mimi natumia ya bure, niko salama": nimekuta OpenOffice za zamani kwenye kompyuta nyingi, na toleo kubwa la mwisho la Apache OpenOffice, 4.1, lilitoka mwaka 2014. Kuwa bure hakuzuii kuzeeka. Hata LibreOffice yenyewe, usipoiongezea matoleo, utakuwa umerudi ulikotoka.

Wapo watakaobaki na ya zamani, na nawaelewa. Mzee mmoja jirani yetu ana Office 2010 aliyoinunua kihalali, na kazi yake ni kuandika kumbukumbu za ukoo. Tulikubaliana laptopu ile isiingie intaneti kabisa, barua pepe asome kwenye simu, na faili la mtu mwingine asilifungue humo. Fleshi inayotoka steshenari naiogopa kuliko barua pepe, maana inaingia kompyuta kumi kwa siku, kwa hiyo akienda kuprinti anabeba PDF kwenye fleshi isiyo na kitu kingine na akirudi anaifuta kwenye simu kabla haijaigusa laptopu. Kwa anayelazimika kuwa mtandaoni, kufungulia viambatisho kwenye simu au kwenye kivinjari ni afadhali kuliko kuvifungulia kwenye Word ya 2007. Na bando likiwa tatizo, laptopu iende mara moja kwa mwezi mahali penye Wi-Fi, kwa mtoto anayefanya kazi ofisini au kwa rafiki, ilale huko ikisasishwa. Kwenye ukoo wetu mahali hapo ni kwangu, na Jumamosi moja ya mwezi meza yangu ya kulia inajaa laptopu.

Kwenye kikao cha kikoba nilikwenda na Shangazi. Niliichapa ile orodha ya ukaguzi nikawapa waione, nikaeleza kwa utaratibu kama nilivyoeleza hapa. Maswali yao yalikuwa makali na ya maana. Mmoja aliuliza kama simu zao nazo zina tundu. Mwingine aliuliza kwa nini namba za NIDA zilikuwa kwenye jedwali la mikopo wakati zilitakiwa siku ya kujiunga tu. Hakuna aliyekuwa na jibu, zikaondolewa siku ileile na kubaki kwenye daftari la karatasi kwa mwenyekiti. Mama wa vitumbua alifidiwa kutoka mfuko wa jamii, na taarifa ikapelekwa polisi. Wakapitisha kwamba hesabu zitatumwa kwa PDF, kila mwanachama na ya kwake, na kwamba badiliko lolote la namba ya kupokelea fedha litatangazwa kikaoni kwa mdomo na si kwa ujumbe. Shangazi aliombwa aendelee kuwa katibu.

Sasa hivi wasiwasi wangu uko kwa wenye Office 2016 na 2019, kwa sababu hao hawajioni kuwa ni wa zamani. Programu zao bado zina sura mpya. Kwa Windows 10 yenyewe Microsoft wameongeza mwaka mmoja wa masasisho ya usalama, hadi Oktoba 2026, kwa anayejiandikisha, lakini nyongeza hiyo ni ya Windows na haiigusi Office iliyomo ndani. Na laptopu nyingi za mtumba zilizopo majumbani haziwezi kupanda Windows 11, inayotaka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni. Mwaka huu, basi, nitaweka LibreOffice nyingi kuliko mwaka wowote. Mweka hazina wa kikoba cha Shangazi naye yumo kwenye orodha yangu: yeye bado anatumia Office 2010, na amekubali tubadilishe kabla ya kuvunja kikoba Desemba, baada ya mimi kumhakikishia kwamba rangi alizowapa wanachama kwenye jedwali lake zitabaki zilezile. Nimezijaribu kwenye kompyuta yangu, zinabaki.